Mashine ya Kutambua Mawimbi Ifundishwe Anga Letu

Fundi mzoefu wa redio hahitaji kuambiwa anasikiliza nini. Akisikia milio mifupi na mirefu, anajua kuwa ni Morse. Akisikia milio miwili inayopokezana upesi, anajua kuwa ni maandishi yanayosafirishwa hewani. Tofauti hizo ndizo aina za modulesheni, yaani namna mbalimbali za kulibebesha wimbi habari.

Kazi hiyo ya sikio sasa inakabidhiwa kompyuta. Hapo awali wataalamu waliipa kompyuta kanuni za kupima nguvu na mtetemo wa wimbi. Mwaka 2016 Timothy O'Shea na wenzake walionyesha kuwa mtandao wa neva bandia unaweza kujifunza wenyewe kutokana na mifano, ukatenganisha aina 11 za modulesheni. Mwaka 2019 Stefan Scholl alifundisha mitandao ya namna hiyo kutambua aina 18 za mawasiliano ya HF, yaani masafa ya kati ya megahezi 3 na 30.

Maendeleo hayo yana manufaa makubwa. Masafa ya HF hutumiwa na meli, ndege, majeshi na idhaa za kimataifa. Mlinzi wa masafa huchoka na kusinzia, mashine haichoki.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kununua mashine ni kumaliza kazi. Wimbi la HF hupanda hadi tabaka la ionosfia, likarudi ardhini mamia au maelfu ya kilometa kutoka lilikoanzia. Katika safari hiyo hugawanyika, hufifia na kuyumba. Mifano mingi ya kufundishia mashine hutengenezwa ndani ya kompyuta, na kielelezo cha anga kinachotumiwa sana ni kile alichokitangaza Watterson na wenzake mwaka 1970, baada ya kupima mawimbi yaliyosafiri kutoka Illinois hadi Colorado, nchini Marekani.

Anga la Illinois si anga la Afrika Mashariki. Katika nchi za ukanda wa ikweta, ionosfia mara nyingi huchafuka baada ya jua kutua, na mawimbi yakatetemeka kwa namna isiyo ya kawaida katika nchi za kaskazini. Mashine isiyopata kuonyeshwa hali hiyo yaweza kuita wimbi moja kwa jina la jingine, na kufanya hivyo bila kusita. Wahenga walisema: mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa hiyo yapo mambo mawili ya kutekeleza. Kwanza, watumishi wanaoandaa zabuni za vyombo hivi hawana budi kudai vijaribiwe kwa mawimbi yaliyonaswa hapa nchini, mchana na usiku, kabla ya malipo. Pili, vyuo vyetu vya ufundi na vyuo vikuu vianze kunasa mawimbi hayo na kuyawekea majina sahihi. Kazi hiyo yahitaji antena, redio inayounganishwa na kompyuta, na mwalimu mwenye subira. Mwanafunzi atajifunza fizikia humo kuliko ubaoni.

Anga la ikweta liko juu ya vichwa vyetu kila jioni. Tusipolisoma wenyewe, tutaletewa mashine zilizosoma la wengine, na makosa yake tutayalipia sisi.