Gari likizama Asumbi, hasara ni ya nani?

Simu ya shemeji yangu iliingia saa tatu kasoro usiku. Anaishi Asumbi, kaunti ya Homa Bay, pale penye misheni ya Wakatoliki, shule ya wasichana na chuo cha walimu. Alimuoa dada yangu wakati akifundisha Kwale, akastaafu, na kiinua mgongo chake akakigeuza Probox. Gari hilo ndilo linalosomesha watoto wake wawili wa mwisho.

"Shemeji, gari limezima ndani ya maji," akaniambia. "Sasa yamepungua, yako kwenye magurudumu. Nijaribu kuliwasha nilitoe?"

"Usiguse ufunguo."

Akanyamaza kidogo. "Nishajaribu. Mara moja tu."

Abiria wake watatu, kina mama waliotoka sokoni, walishatoka salama na mizigo yao. Hilo ndilo nililouliza kwanza, na msomaji atanielewa. Tarehe 4 Desemba 2021, basi la shule lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama mto Enziu kule Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Tarehe 9 Aprili 2024 basi jingine lilisombwa pale Tula, kaunti ya Tana River. Mungu saidia, abiria wote 51 waliokolewa. Madereva wote wawili waliona maji na wakadhani yanapitika. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kuanza kulielea gari dogo, na yakifika 60 hata gari kubwa halina uhakika. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza habari ya injini na bima, tumshukuru Mola kwamba tunazungumzia mabati.

Shemeji si mtu wa pupa. Jioni hiyo kwake hakukunyesha hata tone. Mvua ilikuwa imepiga juu, upande wa Kisii, na maji yakateremka. Ndivyo nchi ile ilivyo: mto Kuja, ambao wengine wanauita Gucha, unaanzia milima ya Kisii na Nyamira, unapita Migori na kumwaga ziwani Nyatike, na watu wa Nyatike huhama makwao kwa mvua ambayo hawakuiona. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa sana. Garsen hufurika kwa mvua ya Mlima Kenya na Aberdare. Wasafiri wa Lamu waliokwama Gamba na Lango la Simba mwishoni mwa 2023, wakilala ndani ya mabasi, walikuwa wakizuiwa na maji yaliyotoka mbali sana na wao.

Sasa turudi kwenye ufunguo. Mimi si fundi. Nimejifunza kwa kuumia, gari langu la kwanza lilipofia kwenye dimbwi karibu na Mwembe Tayari. Injini huvuta hewa, ikaibana, ikailipua pamoja na mafuta. Hewa inabanika. Maji hayabaniki. Yakiingia kwenye silinda na ukazungusha injini, pistoni inapanda na kukutana na kitu kisichokubali kusogea, na kinachopinda ni kile chuma kinachoibeba, mafundi wanakiita konrodi. Gari lililokuwa linahitaji kukaushwa na kubadilishwa oili sasa linahitaji injini. Tofauti ya gharama hizo mbili kwa mwalimu mstaafu ni tofauti ya mtoto kurudi shule na mtoto kukaa nyumbani muhula mzima.

Nilimuuliza stata ilisikikaje. Akasema iligonga mara moja, "ko", ikakataa. Hiyo si habari njema, ingawa si hukumu. Nikamwambia afungue waya wa hasi wa betri, aweke gia huru, atafute kamba na vijana, gari livutwe hadi mahali pakavu palipoinuka. Lisivutwe kwa kulishtua eti liwake. Wapo wanaofanya hivyo, na ni sawasawa na kugeuza ufunguo.

Asubuhi fundi wake alifanya lililo sawa. Alifungua sanduku la chujio la hewa kwanza, kwa sababu chujio likiwa kavu kuna matumaini makubwa kwamba maji hayakufika ndani. Lilikuwa limelowa. Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, na oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Akatoa plagi zote nne ndipo akazungusha injini kwa mkono, kwa spana, taratibu, maji yatoke kwenye matundu ya plagi. Yalitoka. Oili ya injini ikamwagwa, ya gia boksi pia na ya difu. Viti na mazulia vikatolewa nje. Watu wengi hapo ndipo wanapokosea: wanakausha juu, wanapulizia manukato, na chini ya zulia tope limelalia nyaya na viungo vyake. Gari linawaka, linatembea mwezi, kisha taa ya eabegi inaanza kuwaka bila sababu, dirisha linagoma, siku moja linazima barabarani mchana wa jua kali.

Nisisitize jambo kwa wasomaji wa huku kwetu. Maji ya Asumbi ni ya mvua, hayana chumvi. Gari lililoguswa na maji ya bahari, au hata maji ya mafuriko yaliyochanganyika na bahari wakati maji yamejaa, halisubiri hata wiki. Chumvi hula nyaya na vibati vya kompyuta ya gari, na kukausha peke yake hakusaidii. Lazima vioshwe kwa maji safi kwanza, jambo ambalo mwenye gari huliona kama wazimu.

Siku ya tatu akaenda kwa ajenti wa bima. Hapa ndipo shemeji alipoumia zaidi kuliko kwenye maji.

Kenya inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima, lakini sheria, Sura ya 405, inamlinda mtu wa tatu: aliyegongwa, aliyeumia, familia ya aliyekufa. Haimlindi mwenye gari dhidi ya mto. Kibandiko kile kwenye kioo, ambacho askari anakitazama kila kizuizi, hakilipi hata plagi moja iliyolowa. Ili mafuriko yalipwe inatakiwa bima kubwa, na hata hiyo si lazima iwe na mafuriko ndani. Baadhi ya mikataba inayataja, mingine inayaongeza kwa malipo ya ziada, na maneno yenyewe yamo ukurasa ambao hakuna anayeusoma siku ya kusaini. Halafu kuna kifungu cha matumizi. Shemeji alikuwa na bima ndogo ya gari la binafsi, na siku ile alikuwa na abiria watatu waliolipa nauli. Hata kama angekuwa na ile kubwa, ajenti alimwambia bila kuficha, swali la kwanza la mkaguzi lingekuwa: hawa kina mama ni nani wako?

Najua wapo watakaosema alijitakia. Sikubaliani nao moja kwa moja. Barabara za ndani za Homa Bay na Migori zinahudumiwa na Probox na bodaboda kwa sababu matatu yenye leseni haiendi huko. Abiria hawatoshi, barabara inavunja springi. Serikali inajua, kaunti inajua, askari anajua na wakati mwingine anapanda mwenyewe. Huduma imeachwa kwa watu hawa, na siku ya hasara sheria inakumbuka kwamba hawapaswi kuwepo. Ingekuwa jambo la busara wakuu wa bima na vyama vya wenye magari kutengeneza bima ya bei nafuu ya magari haya madogo ya vijijini, mafuriko yakiwemo, badala ya wote kujifanya hayapo. Hadi hapo, mwenye gari anayebeba watu na awe na ujasiri wa kumuuliza ajenti wake maswali mawili kabla ya kulipa: mafuriko yamo? Na gari hili nikibeba kwa nauli, mtalipa? Jibu liwe kwenye karatasi.

Aliye na bima kubwa asifanye haraka ya fundi kabla ya kupiga picha: alama ya maji ilipofika mlangoni, ndani, kwenye boneti. Aripoti polisi apate abstrakti, amjulishe mwenye bima siku hiyo hiyo. Na akishajua kwamba gari lilizimia majini asiliwashe tena, kwa sababu mkaguzi anaweza kusema mafuriko yalilowesha lakini aliyevunja injini ni wewe.

Hata hivyo swali linalonikera ni jingine. Drifti aliyozimia shemeji ina kalavati moja, na kalavati hiyo ilikuwa imeziba kwa matawi, chupa za plastiki na mchanga tangu mvua za nyuma. Watu wa pale wanaijua. Nani alipaswa kuizibua? Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, usimamizi wa maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, na hata kukabili majanga. Barabara kuu ni za serikali ya taifa kupitia mamlaka zake. Kwenye karatasi mpaka uko wazi. Uendapo pale penye kalavati kila mtu anaelekeza kidole upande wa pili.

Pesa tunazilipa. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli na dizeli inatozwa Sh25 za matengenezo ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa Sh18. Shemeji akitia lita kumi kwa siku, ametoa Sh250 za barabara, jua liwake au mvua inyeshe. Pesa hizo hizo wabunge na magavana waligombania, kila upande ukidai Sh10.5 bilioni ni haki yake, na kesi zikaenda mahakamani. Huku wakivutana, kalavati ya Asumbi ilihitaji vijana wanne, majembe na siku moja.

Na tukumbuke: mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipoua watu karibu 300 nchini, Mswada wa Fedha uliofuata ulikuja na pendekezo la kumtoza kila mwenye gari asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake kila mwaka, isipungue Sh5,000, ilipwe wakati wa kukata bima. Pendekezo liliondolewa, na mswada mzima ukafa kwa maandamano ya Juni. Lakini ndiyo mawazo yaliyokuwepo: mwenye gari ni mtu wa kukamuliwa.

Sasa nije kwenye jambo lililoniletea usumbufu nyumbani kwangu. Wiki ya pili dalali alifika Asumbi. Akalizunguka gari, akatoa bei ndogo, akasema ataliosha, atalipiga rangi, "watu wa Mombasa watalinunua, huko hawana habari na mafuriko ya huku." Shemeji akanipigia. Hakuniomba moja kwa moja. Aliniuliza tu kama namjua mtu anayetafuta Probox.

Nilikaa na swali hilo usiku kucha. Ada ya shule namjua anayeidaiwa. Ni mpwa wangu. Lakini namjua pia kijana wa Kisauni atakayechukua mkopo alinunue. Logbook yetu inaonyesha rangi, namba ya chasisi, namba ya injini na mwenye gari. Haina mahali pa kuandika kwamba gari liliwahi kuzama. Si magari ya Homa Bay tu. Japani, tunakotoa mengi ya magari yetu, ilipata mafuriko makubwa upande wa magharibi Julai 2018 na kimbunga Hagibis Oktoba 2019. Ndugu zetu walioko Dubai walitutumia video za magari yakielea Aprili 2024. Yale angalau mengi yana usukani wa kushoto na hayaruhusiwi kusajiliwa kwetu. Anayenunua gari yadini avute mkanda wa kiti hadi mwisho atazame kama una mstari wa tope, afunue mahali pa gurudumu la akiba, aangalie kutu kwenye bolti za viti, na akikuta gari la zamani lina harufu ya manukato mapya ajiulize.

Nilimwambia shemeji sitamtafutia mnunuzi asiyejua. Kama yupo anayetaka akijua, basi na bei iwe ya anayejua. Alikasirika. Dada yangu alinitumia ujumbe mmoja mkavu, kisha kimya cha siku nne.

Siku ya tano ikaja picha, bila salamu. Injini imefunguliwa, pistoni nne zimepangwa juu ya gunia, na konrodi ya pili imepinda kidogo, kiasi cha kuonekana ukiiweka karibu na mwenzake. Chini ameandika: "Chama cha walimu wastaafu wamekubali mkopo. Niulizie bei ya injini hapo Mombasa, uniambie na usafiri hadi Rongo." Nimepita maduka matatu ya spea leo. Kesho naenda Changamwe, nimeambiwa kuna mzigo umeshushwa.