Mtoto alifuata maji: juu ya mbwa wanaofungwa mnyororo katika parseli zetu

Mwezi wa saba, saa kumi na mbili za asubuhi, Lubumbashi ina baridi kali. Familia zilizotoka Moba na Kalemie, kule ziwa linakotunza joto, huniambia kila mwaka kwamba hawakujua Kongo ina baridi ya namna hii. Ilikuwa asubuhi kama hiyo wakati mtoto wa miaka saba alipotoka katika nyumba ya nyuma kwenda robine na bidoni ya lita tano. Kutoka robine mpaka kwenye mwembe ni hatua nne. Chini ya mwembe kuna janti ya gari kuukuu, kwenye janti kuna mnyororo, na mwisho wa mnyororo kuna mbwa.

Mtoto alijua urefu wa mnyororo. Watoto wote wa parseli ile wanaujua, wamechora hata mstari kwa kijiti. Lakini siku hiyo janti ilikuwa imesogea, kwa sababu usiku mzima mbwa alikuwa akivuta. Alimng'ata paja na mkono.

Nilifika saa tatu. Mwenye parseli alikuwa amesimama mlangoni, na hasira zake zilikuwa juu ya mtoto. "Ile imbwa ni ya kulinda, hapana ya kuchezea. Mutoto alifuata nini pale?"

Mama wa mtoto akajibu polepole, bila kumwangalia usoni, kama mpangaji anavyojibu: "Alifuata maji, Papa."

Mama huyu alikimbia vita upande wa Mitwaba, akaingia mjini na watoto na sufuria moja. Baadaye, tulipokuwa tumekaa peke yetu, aliniambia kwamba kijijini kwao mbwa walikuwa wengi. Walienda kuwinda na wanaume, jioni walilala karibu na moto, na watoto waliwapanda mgongo. "Kwetu hatufungaka imbwa. Ukiifunga inakuwa nyama ya pori." Neno hilo limekaa ndani yangu tangu siku ile.

Kabla sijasema zaidi, najua nitakachoambiwa. Nilipogusa habari hii hewani, msikilizaji mmoja alipiga simu: "Watu hawana bukari, na wewe unasema juu ya imbwa?" Ndugu yangu, ndiyo. Maana anayeng'atwa ni yule yule asiyekuwa na bukari. Mwenye nyumba kubwa anaingia parseli kwa gari. Anayepita karibu na mnyororo kila siku ni mpangaji wa nyumba ya nyuma, ni zamu, ni mama anayefua nguo za wengine, ni mtoto anayetumwa maji. Familia zilizokimbia vita hukaa mahali penye kodi ndogo, na hapo penye kodi ndogo mara nyingi ndipo mbwa amefungwa.

Tena sisemi mwenye mbwa ni mtu mbaya. Usiku wa mji huu tunaujua. Wezi wenye silaha wanaingia, wanavunja milango, na ukiita msaada unaweza kungoja mpaka kuche. Mtu asiyekuwa na fedha za kulipa zamu au kujenga ukuta anatafuta mbwa. Na mbwa anayezurura mchana anaibiwa, au anagongwa na gari, au anamng'ata mpita njia. Basi anamfunga. Hata kwetu Katuba, nilipokuwa mtoto, Papa alikuwa na mbwa wa mnyororo. Kazi yangu ilikuwa kumsukumia sahani ya maji kwa kipande cha ubao, maana hakuna aliyethubutu kumkaribia. Siku alipokufa ndipo tulipotoa ule mshipi shingoni. Nyama ilikuwa imekwisha kuufunika upande mmoja. Miaka yote ile tulisema mbwa wetu ni mkali, tukajisifu. Hakuna aliyewaza kwamba alikuwa na maumivu.

Tazameni mbwa wa mnyororo mchana, ikiwa mnaye jirani. Ardhi inayomzunguka ni duara tupu, haina hata jani. Sahani ya maji imepinduka, kwa sababu mnyororo wenyewe ndio unaoipindua. Jua linahama lakini yeye hawezi kufuata kivuli. Mvua za mwezi wa kumi na mbili zinamkuta pale pale, na baridi ya mwezi wa saba pia. Mnyama yeyote akiogopa ana njia mbili: kukimbia au kupigana. Ukimfunga umemwachia moja tu. Ndiyo maana mbwa yule yule akifunguliwa unaweza kumwona anapita kando ya watu akiwa na mkia chini, na akifungwa anaruka kooni.

Si maneno yangu peke yangu. Huko Denver, Marekani, waganga walichunguza mbwa waliong'ata watu na mbwa wa majirani ambao hawakung'ata, wakatoa matokeo mwaka 1994. Mbwa waliong'ata walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 zaidi kuwa ni mbwa wanaofungwa mnyororo uani. Kwa hiyo mnyororo tunaouweka kwa ajili ya usalama unaleta hatari nyingine ndani ya parseli, na hatari hiyo inawakuta watu wa humo humo. Mwizi anakuja usiku mmoja kwa mwaka, pengine asije kabisa. Mtoto anapita pale kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye sheria. Watu wengi wanaamini kwamba mbwa akimng'ata mtu ndani ya parseli ya mwenyewe, hakuna kesi. Si kweli. Kongo ina kitabu cha sheria juu ya mapatano na madeni, cha tangu tarehe 30 Julai 1888, ambacho mahakimu wetu bado wanakitumia. Kifungu chake cha 261 kinasema mwenye mnyama, au anayemtumia, anawajibika kwa hasara ambayo mnyama huyo ameleta, akiwa chini ya ulinzi wake au akiwa amepotea au ametoroka. Hakisemi "isipokuwa aliyeng'atwa ni mpangaji". Wala hakisemi "isipokuwa ni mkimbizi asiyekuwa na karatasi". Mama wa mtoto yule hakukijua. Mwenye parseli naye hakukijua, na nilipomsomea alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimetumwa na nani.

Lakini kifungu hicho kinakuja nyuma, damu ikiisha kumwagika. Kwa mbwa mwenyewe, sheria yetu ya adhabu ya mwaka 1940 inamwangalia zaidi kama mali: inamwadhibu anayeua au kuumiza vibaya mnyama wa mtu mwingine kwa ubaya tu. Mbwa wako mwenyewe, umfunge miaka 8 kwenye janti, nani atakuuliza?

Wengine wamefika mbali zaidi. Hapo jirani, ukivuka Kasumbalesa, Zambia wana sheria ya kudhibiti mbwa. Tanzania wana sheria ya ustawi wa wanyama tangu 2008. Afrika Kusini, katika sheria yao ya mwaka 1962, ni kosa kumfunga mnyama kwa mnyororo bila sababu au kwa namna inayomtesa, au kumweka mahali pasipo nafasi, hewa, mwanga au kinga ya jua na baridi. Ujerumani wamekataza mnyororo tangu mwanzo wa 2022, wakiacha nafasi ndogo kwa mbwa wa kazi. California wanakubali masaa 3 kwa siku.

Je, tuchukue sheria ya Ujerumani tuilete Kampemba? Hapana, na hapa natofautiana na rafiki zangu wanaopenda wanyama. Kukataza mnyororo kabisa katika mji ambao parseli nyingi hazina ukuta ni kuwaambia watu wamwachie mbwa barabarani. Mbwa wa barabarani ndiye anayeokota kichaa cha mbwa na kukileta nyumbani. Halafu, tuseme ukweli, tunajua amri ya namna hiyo ingegeuka nini mikononi mwa watu fulani. Kesho asubuhi mtu mwenye kofia na daftari angebisha mlangoni: "Uko na imbwa? Toa kitu." Tumechoka na watu wa daftari.

Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho, na mji unaweza kukifanya kwa amri ya meya bila kungoja Kinshasa. Mbwa asifungwe njiani kwa watu: karibu na robine, kisima, choo au mlango wa mpangaji. Huyu wa kwenye mwembe angehamishwa nyuma ya nyumba, tusingekuwa na habari ya kuandika. Asifungwe usiku na mchana, awe na saa zake za kutembea. Awe na kivuli na maji yasiyopinduka. Bidoni iliyokatwa na kufukiwa nusu ardhini inatosha. Na awe na chanjo, karatasi yake iwepo. Makosa ya kwanza yawe maonyo ya shefu wa kartie, si faini, na fedha yoyote isiguswe mlangoni.

Kwa mwenye mbwa aliye na nia, kuna njia isiyo ya gharama kubwa. Vuta waya mgumu juu, kutoka mti mpaka ukuta, kisha utie mnyororo kwa pete inayoteleza. Mbwa anatembea urefu wote wa ua, anafika kivulini, anabweka kwa mwizi kama kawaida. Afadhali zaidi ni kibanda cha mbao na mabati ya zamani chenye mlango: mchana anakaa ndani, usiku unamfungulia uani na lango limefungwa. Nasisitiza lango. Wengi wanamfungulia usiku na kumwacha atoke, na saa kumi na moja, wakati mama wa mikate wanapita, anakuwa bado barabarani.

Juu ya kichaa cha mbwa ningependa kila nyumba isome mara mbili. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu watu karibu 59,000 wanaokufa kwa ugonjwa huo kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na katika watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote waliupata kwa mbwa. Dalili zikianza, mgonjwa hufa, karibu bila kukosa. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi. Mtoto aking'atwa, au hata akikwaruzwa, osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima kwa saa. Si jiwe nyeusi, si majivu, si mafuta ya mawese. Kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, mkaulize chanjo, na mkianza sindano mzimalize zote hata kidonda kikikauka.

Na mbwa? Msimuue kwa hasira. Afungwe peke yake, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku aliyong'ata. Hapo mnyororo una kazi yake halali, siku 10, na ninaukubali. Akianza kubadilika au akifa, mwambieni mganga upesi.

Mji wetu hauna sababu ya kusema hauna watu wa kufanya kazi hii. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha waganga wa wanyama. OMS inasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakatika. Tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya dunia ya kupigana na kichaa cha mbwa: wanafunzi wale na meza mbili Ruashi, mbili Kenya, mbili Katuba, na mbwa waje kwa kamba. Ningekwenda kutangaza bure. Lakini mbwa ambaye hajawahi kutoka kwenye janti yake, ambaye hata mwenyewe hamgusi, atafikaje kwenye meza? Mbwa wa mnyororo ndiye wa mwisho kuchanjwa, na ndiye anayeng'ata.

Mtoto yule tulimpeleka kwa manseba, mama nyuma, mtoto katikati, mimi kwa pikipiki nyingine. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa nayo, na bei ya sindano zote ilipita kodi ya nyumba ya mwezi. Wapangaji walichanga. Mwenye parseli alitoa nusu, siku nne baadaye, bila kusema neno; nadhani kile kifungu cha 261 kilimfanyia kazi usiku.

Mbwa alibaki mzima siku 10. Janti imehamishwa upande wa pili wa mwembe, si nyuma ya nyumba tulivyoomba. Robine sasa anakwenda dada mkubwa, na anakwenda na fimbo.

Ikiwa katika kartie yenu shefu ameisha kuweka utaratibu juu ya mbwa, hata mdogo, nipigieni simu redioni. Nitakuja na kinasa sauti, nimsikilize, na wengine wamsikie.