SIMU YA MKONONI NA SAA ZA KAZI



Kila juma redio na magazeti hutuletea habari za vyombo vipya. Simu hii ina kamera tatu, saa ile yapima mapigo ya moyo, chombo kingine chajibu maswali kama mtu. Sifa ni nyingi, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo nauliza jambo ambalo wenye kusifu hawaliulizi: saa za mfanyakazi baada ya kazi ni za nani?

Sisi watu wa Idsowe, huku Garsen, hatuna sababu ya kuichukia simu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, aliye kazini Mombasa humpelekea mamake fedha bila kumtafuta mtu wa basi. Bwawa la Masinga likijaa, habari zaweza kutufikia kwa simu kabla ya maji ya Tana, tukapata kuondoa watoto, mbuzi na mpunga. Chombo ni chema. Asemaye kwamba twataka kurudi gizani asema uongo.

Ubaya ni huu. Mtu yuko livu kwao, amekaa na wazee wake. Simu yalia: bwana mkubwa ataka kujua ufunguo wa stoo uko wapi. Saa tatu usiku yaja amri katika kikundi cha WhatsApp: zamu imebadilishwa, fika saa kumi na moja alfajiri. Asiyeisoma huandikiwa barua. Na fedha ya bando yatoka mfukoni mwake mwenyewe! Fundi wa njia haleti nyundo kutoka kwake, wala gadi hanunui bendera yake. Ikiwa simu ni chombo cha kazi, mwenye kazi na ailipie.

Wengine hujibu, "Ni dakika mbili tu." Haya, tuzihesabu. Dakika 2 mara 10 kwa juma ni dakika 20. Kwa mwaka ni zaidi ya saa 17, yaani zamu mbili nzima za saa 8, na chenji yabaki. Nani alilipwa zamu hizo?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, yampa mfanyakazi angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7. Siku ambayo huthubutu kuzima simu ni mapumziko gani? Ufaransa, tangu 1 Januari 2017, makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yapaswa kupatana na vyama juu ya haki ya kuzima simu za kazi. Kwetu muswada wa haki hiyo ulipelekwa Seneti mwaka 2021. Lakini tusikae kungoja Seneti. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, waligoma kudai mishahara, hawakungoja kukumbukwa.

Basi katika mapatano yajayo tudai mambo matatu:

1. Asiye zamu asiadhibiwe kwa kutojibu simu.
2. Aitwaye nje ya saa zake alipwe ovataimu.
3. Bando ya kazi ilipwe na mwajiri.

Kila mmoja aandike katika daftari siku na saa aliyopigiwa, alete mkutanoni. Maneno matupu hukanwa mezani, daftari halikaniki.

Umoja ni nguvu.