Pipi Yake Haipo Tena Rafuni

Jamani, pipi tu inaweza kuleta kununiana ndani ya nyumba! Kila Ijumaa mwenzio anakuletea pakiti ileile, yenye jina la supamaketi yenyewe, mnaila wawili mkiangalia filamu. Leo kaja na chokoleti ya kampuni kubwa. Eti zile hawauzi tena. Wewe unanuna, yeye anadhani umemchoka.

Wenye duka wana hesabu zao. Pipi ya jina lao wanaiagiza kiwandani, na ikidoda hasara ni yao. Chapa kubwa inakuja imeshajitangaza kwenye TV. Nafasi ya rafu ni pesa, bwana.

Lakini hesabu hizo hugeuka. Marks & Spencer ya Uingereza kwa miaka mingi ilijulikana kwa kuuza vyakula vya jina lake tu. Mwaka 2009 ikatangaza kuingiza chapa za nje kama 400. Mwaka uliofuata bosi mpya, Marc Bolland, akaamua zipunguzwe zibaki kama 100. Percy Pig, pipi yao ya sura ya nguruwe tangu 1992, haikung'oka. (Jelatini ya nguruwe waliitoa kabisa 2019, kwa mnaotumiwa zawadi kutoka London.)

Kwa hiyo mwambie mwenzio unachokililia ni zile Ijumaa, si yeye. Kisha muulizeni meneja pipi ilitengenezwa kiwanda gani. Wakati mwingine kiwanda hichohicho kinauza inayofanana nayo kwa jina jingine, duka la pili tu.