Kijana Mkulima, Deni la KRA Haliishi kwa Kunyamaza

Wakulima wenzangu, leo tuache kidogo habari za mbolea na dawa. Kuna kitu kingine kinakula faida ya vijana ninaowatembelea mashambani, na hakuna pampu ya kukinyunyizia: deni la KRA.

Niseme msimamo wangu mapema. Wengi wenu mnaodaiwa na KRA hamdaiwi kwa sababu mlipata pesa nyingi mkazificha. Mnadaiwa kwa sababu mlinyamaza. Na deni lililoletwa na kunyamaza, ukiendelea kunyamaza, linanenepa tu.

Deni linavyozaliwa

Wengi mlipata PIN kabla hamjawa na shamba. Ulikuwa unaomba mkopo wa HELB, au kibarua fulani kiliitisha PIN, ukaenda saiba, mtu akakujazia, ukalipa ukaenda zako. Hakuna aliyekuambia kwamba PIN yenye wajibu wa ushuru wa mapato inataka ritani kila mwaka, kufikia Juni 30, kwa mapato ya mwaka uliotangulia. Hata kama hukupata shilingi, unawasilisha ritani ya sufuri. Usipofanya hivyo, adhabu kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, yoyote iliyo kubwa. Miaka sita ya kimya ni shilingi 12,000, na bado hujauza hata kreti moja ya nyanya.

Hiyo ni nafuu. Kuna kijana mmoja wa vitunguu niliyekaa naye tukiangalia akaunti yake ya iTax. Alikuwa amepata nafasi ya kuuzia shule moja ya bweni, wakaitisha cheti cha kuonyesha hadaiwi ushuru, ile TCC. Kumbe PIN yake ilikuwa imesajiliwa kwa VAT. Yeye hakujua. Aliyemjazia fomu alitia alama mahali hapakuhitajika. Sasa, ritani ya VAT ni ya kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na adhabu ya kutowasilisha ni shilingi 10,000 au asilimia 5, yoyote iliyo kubwa. Miezi kumi na minne ikawa shilingi 140,000. Na jambo la kuudhi ni kwamba mazao ambayo hayajasindikwa hayatozwi VAT. Vitunguu vyake havikuwa na kazi yoyote na wajibu ule. Lakini shule haikungoja. Tenda ilienda kwa mwingine.

Kwa hivyo kabla hujauliza "nadaiwa ngapi?", uliza "nimesajiliwa kwa ushuru gani?" Cheti chako cha PIN kina orodha ya wajibu wako. Kisome chote, mpaka chini.

TOT au ushuru wa kawaida? Piga hesabu kwanza

Hapa ndipo vijana wanaofanya kilimo cha biashara wanapoumia bila kujua. Mauzo yako yakizidi shilingi milioni 1 kwa mwaka na hayajapita milioni 25, unaingia kwenye ushuru wa mauzo, huu tunaouita TOT. Ni asilimia 3 ya mauzo yote, bila kutoa gharama hata moja. Unawasilisha na kulipa kila mwezi kufikia tarehe 20. Usipowasilisha, adhabu ni shilingi 1,000 kwa kila mwezi. Mkulima huvuna mara mbili au tatu kwa mwaka, na miezi ile mingine anaisahau. Lakini mwezi wa palizi pia unataka ritani, hata ya sufuri.

Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna ukachagua ushuru wa mapato wa kawaida, ambao hutozwa kwenye faida. Ipi ni bora? Inategemea faida yako ni nene au nyembamba.

Chukua mkulima wa nyanya aliyeuza za shilingi 1,800,000, gharama zikawa 1,500,000. Faida ni 300,000. Kwa TOT atalipa shilingi 54,000. Kwa ushuru wa kawaida, 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, ambayo ni 28,800. Zile 12,000 zilizobaki zinatozwa asilimia 25, ambayo ni 3,000. Jumla 31,800. Toa nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka. Anabaki na shilingi 3,000 za kulipa. Elfu tatu dhidi ya elfu hamsini na nne!

Sasa geuza. Mwenzake kauza hizo hizo 1,800,000 lakini gharama zilikuwa 900,000, kwa sababu ana maji yake na soko lilikuwa zuri. Kwa ushuru wa kawaida anafika shilingi 178,600. Kwa TOT ni 54,000 zile zile. Huyu TOT inamfaa kuliko.

Mnaona? Bila rekodi huwezi kujua uko upande gani. Na rekodi zenyewe siyo za kichwani. Tangu Januari 1, 2024, gharama unazotaka zitolewe kwenye hesabu ya ushuru, kama mbegu, mbolea na dawa, zinahitaji ankara ya eTIMS. Ukinunua agroveti na kuondoka bila ankara kwa sababu umepunguziwa shilingi hamsini, umejipiga mwenyewe. Vibarua nao waandike: jina, siku, kiasi, na ujumbe wa M-Pesa uuhifadhi.

"Usijisajili, hawatakujua"

Huu ushauri nausikia sana, hasa kutoka kwa mabroka. Ulikuwa na maana zamani, wakati mauzo yote yalikuwa pesa taslimu kando ya barabara. Leo kampuni inayokununulia maharagwe au maparachichi inahitaji ankara ya eTIMS, la sivyo haiwezi kuyaweka ununuzi huo kwenye gharama zake. Na tangu sheria irekebishwe Desemba 2024, kama mauzo yako hayazidi milioni 5 kwa mwaka, mnunuzi anaweza kukutolea ankara yeye mwenyewe. Ni nafuu kwako, huhangaiki na mfumo. Lakini pia maana yake ni kwamba mauzo yako yanaonekana. Ukinyamaza wewe, karatasi ya mnunuzi inasema.

Wengine wana sababu nzito zaidi. Wanasema: kwa nini nilipe wakati barabara ya kutoa mazao ni tope na pesa zinaibwa? Juni 2024 vijana wa nchi hii walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakapoteza maisha, na Rais akakataa kuutia saini. Mimi siwezi kuwaambia hasira hiyo haina msingi. Tena mshahara wangu unatoka kwa ushuru, kwa hivyo mnaweza kusema natetea ugali wangu. Haya, semeni. Lakini tofautisheni mambo mawili. Kupinga ushuru usio wa haki hufanywa kwa sauti, mbele ya watu, na kunaweza kubadilisha sheria. Ritani iliyosahaulika hakuna mtu anayeisikia. Haimtikisi mwizi yeyote. Inakuumiza wewe, wakati KRA inapotumia sheria kuiagiza benki yako, au mtu anayekudai kukulipa, azipeleke pesa zako kwao.

Msingoje msamaha

Kuna wanaoniambia, "Afisa, watasamehe tu." Ni kweli, ulikuwepo msamaha. Sheria ya Fedha ya 2023 iliufungua, kisha ukarefushwa hadi Juni 30, 2025. Lakini someni ulichosamehe: adhabu na riba za miaka ya nyuma, kwa mtu aliyelipa ushuru wenyewe. Ushuru haukufutwa. Na waliofaidika ni wale waliokuwa wameshawasilisha ritani zao na kujua deni lao ni lipi. Anayengoja msamaha mwingine bila kufungua hata iTax hataujua hata ukija.

Ukishajua unadaiwa, fanya hivi

Kwanza, nenda mwenyewe. Kituo cha Huduma kina dawati la KRA, na msaada wa pale haulipiwi. Kama ni lazima uende saiba, kaa kando ya anayekujazia, na nywila yako usimwachie. Barua pepe iliyo kwenye PIN iwe yako, siyo yake, maana ilani zote zinaenda huko.

Pili, wasilisha ritani zote zilizokosekana, ukianza na ya zamani zaidi. Usibofye "sufuri" kwa mwaka uliouza mazao. Ritani ya uongo ni kosa kubwa kuliko kuchelewa.

Tatu, pasua deni vipande vitatu: ushuru wenyewe, adhabu, na riba. Ukichelewa kulipa, adhabu ni asilimia 5 mara moja, na riba ni asilimia 1 kwa mwezi. Deni la 60,000 linaongeza 3,000 papo hapo, halafu 600 kila mwezi. Ukiona tarakimu ambayo huielewi, uliza imetoka wapi.

Nne, kama deni si lako, pinga. Ukipewa tathmini ya ushuru, una siku 30 za kuwasilisha pingamizi, pamoja na stakabadhi zako, na sehemu usiyoipinga unailipa au unakubaliana nao jinsi ya kuilipa. Siku 30 zinaisha haraka kuliko unavyodhani, hasa msimu wa kuvuna. Na kama adhabu imetokana na kosa la mfumo, au na usajili wa wajibu usiokuhusu kama yule wa vitunguu, sheria ina nafasi ya kuifuta. Omba kwa maandishi. Omba pia wajibu huo uondolewe, la sivyo mwezi ujao adhabu itarudi.

Tano, kama ni lako na huna pesa zote, omba kulipa kwa awamu kupitia iTax. Hapa mkulima atumie akili ya mkulima: pangilia awamu zifuate mavuno, na usiahidi kiasi ambacho mvua ikichelewa kitakushinda. Ahadi ndogo unayoitimiza ni bora kuliko kubwa unayoivunja. Na tafadhali, usikope kwa simu ili ulipe KRA. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi ni ndogo kuliko ya mikopo mingi ya simu. Utakuwa umehama kutoka deni la bei rahisi kwenda la bei ghali.

Sita, lipa kwa nambari ya malipo uliyotoa kwenye iTax, kupitia benki au simu. Pesa mkononi usimpe mtu, hata akiwa na beji shingoni.

Kuna nini upande wa pili?

Mkimaliza haya, ombeni ile TCC. Hutolewa kwa aliyewasilisha ritani na kulipa, au aliye na mpango wa kulipa uliokubaliwa. Hapo ndipo watu hushangaa: si lazima uwe umemaliza deni lote, bali uwe umelikabili. Serikali imetenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hospitali, vyuo na shule zinakula kila siku. Sukuma wiki yako inaweza kuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote katika kaunti, lakini bila cheti hicho utaendelea kumuuzia broka anayekupa bei ya huruma, halafu yeye, mwenye karatasi zake sawa, ndiye analeta kwa hospitali.

Nimeona mashamba mengi yakifa kwa sababu ugonjwa ulionekana kwenye majani machache na mwenyewe akasema "nitaangalia wiki ijayo". Hesabu za KRA hazina tofauti. Wiki hii, kabla hujanunua mbegu za msimu, ingia iTax au fika Kituo cha Huduma, chapisha cheti chako cha PIN na taarifa ya akaunti yako, uketi na daftari. Ukikuta uko sawa, umepoteza asubuhi moja. Ukikuta unadaiwa, angalau sasa unajua ni ngapi, na kwa nini, na mwezi ujao deni litakuta umeshaanza kulipunguza.