Elimu ya Ubongo Si Elimu ya Wazimu

Nilipomwambia mjomba, kule kwetu Kigombe, kwamba nataka kwenda chuo kikuu nisome ubongo na jinsi unavyoongoza mwenendo wa mtu, alicheka akaniuliza, "Unataka kutibu vichaa, bwana?"

Wasomaji, muhula uliopita mwenzetu alianguka kifafa bwenini. Tulikuwa wengi, nasi tulikimbia, tukiogopa povu. Mimi nami nilikimbia, na aibu hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Kifafa hakiambukizwi kwa povu. Ni seli za ubongo zinazotoa umeme mwingi kwa ghafula, pasipo utaratibu. (Mwenye kifafa kukatazwa kwenda baharini peke yake na ngalawa, hilo ni busara, silipingi.)

Hofu kama yetu aliikuta Daktari Louise Jilek-Aall huko Mahenge, mnamo mwaka 1960. Wagonjwa walitengwa, wengine waliungua motoni kwa kukosa mtu wa kuwashika. Akafungua kliniki, akawapa vidonge vya fenobabitali, na wengi wakapata nafuu. Katika miaka hiyo aliwaona huko pia watoto wenye ugonjwa wa kusinzia kichwa. Minyoo ya usubi yashukiwa, lakini jinsi ubongo unavyodhurika haijathibitishwa hata leo.

Daktari hugawa vidonge. Sababu ataitafuta nani, ikiwa kila anayefaulu sayansi ataka udaktari au uhandisi tu?

Katika fomu ya kidato cha tano nimejaza Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mjomba angali anacheka.