Kijana Aanzaye kwa Hadithi ya Kuazima Asidharauliwe

Ukimpata katika Walukuba au katika vitongoji vya Mbale kijana apendaye kutunga hadithi, yaelekea utamkuta anaanza kwa njia moja. Humchukua shujaa aliyebuniwa na mtu mwingine, aliyemwona katika ukumbi wa video au aliyemsoma katika kitabu kilichokwisha pukutika majalada, akamtungia safari mpya. Jasusi aliyeuawa ukurasa wa mwisho hufufuliwa, akashushwa Jinja, akapewa adui katika mwalo wa Masese na rafiki katika nyumba za wafanyakazi za Walukuba. Hadithi hiyo huandikwa katika daftari la shule na kupita mkono kwa mkono, na wasomaji wake humfuata mtungaji njiani kumwuliza nini kitatokea baadaye.

Wako watu wazima wanaomcheka kijana wa namna hiyo. Wengine humwita mwizi wa mali ya watu, na wengine humwita mvivu asiyeweza kubuni mtu wake mwenyewe. Sisi twaona kwamba hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kijana yule yuko shuleni, na wasomaji wake ndio walimu wake. Lililo muhimu ni kuuliza kama atahitimu, yaani kama siku moja atawavusha wasomaji wale wale mpaka kwenye kitabu chake mwenyewe. Na katika kuvuka huko, ninyi ndugu zetu wa jeshi na polisi mnayo sehemu kubwa kuliko mnavyodhani.

ADA YA ZAMANI

Kwanza yafaa ifahamike kwamba kutunga juu ya kazi ya mwingine si jambo lililoletwa na filamu. Washairi wa Kiswahili wa zamani walikuwa na bahari iitwayo takhmisi. Mshairi huchukua beti za mshairi aliyemtangulia, akaongeza mistari yake mitatu juu ya ile miwili ya asili, ubeti ukawa na mistari mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alifanya hivyo kwa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Hakuna aliyemwita mwizi, maana kila msomaji alijua ni ipi sauti ya Liyongo na ni ipi ya Sayyid. Na huyo huyo ndiye anayetajwa kuwa mtungaji wa Al-Inkishafi, shairi ambalo mpaka leo huhesabiwa miongoni mwa mashairi makuu ya lugha hii. Mtu mmoja aliweza kushona juu ya nguo ya mwenzake, na tena akafuma ya kwake.

Hapa Uganda tumeyaona hayo kwa macho yetu. Mwaka 1966 Okot p'Bitek alitoa Song of Lawino, maombolezo ya mke wa Kiacholi anayedharauliwa na mumewe aliyesoma. Sauti ya Lawino iliwapata wasomaji wengi, na mara waandishi wengine wa Uganda wakaanza kuimba kwa mtindo ule. Okello Oculi alitoa Orphan mwaka 1968, na Joseph Buruga akatoa The Abandoned Hut mwaka 1969. Okot mwenyewe akampa mume yule nafasi ya kujibu katika Song of Ocol, mwaka 1970. Wachambuzi waliona dhahiri alama za vidole vya Okot katika kazi za wenzake, lakini hawakuzitupa. Walipima ni nini kila mmoja alichoongeza.

Ama katika hadithi za upelelezi, mfano ulio bora ni wa Unguja. Mohamed Said Abdulla, aliyekuwa mwandishi wa magazeti, aliingiza mswada wake katika shindano la Ofisi ya Vitabu vya Afrika ya Mashariki, akashinda, na mwaka 1960 kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa. Mpelelezi wake Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, haufichi ukoo wake na Sherlock Holmes na Dakta Watson wa Uingereza. Lakini Abdulla hakumleta Holmes Unguja. Alijifunza kwa Holmes jinsi fumbo linavyofungwa na kufunguliwa, kisha akamzaa mtu wake, mwenye jina la kwao na Kiswahili cha kwao. Hiyo ndiyo tofauti baina ya kuazima na kujifunza.

MIPAKA YA KUAZIMA

Hata hivyo wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kijana wetu akumbuke mambo mawili.

La kwanza ni sheria, nanyi polisi mwalijua kuliko sisi. Uganda inayo Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006. Sheria hiyo huilinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuwasomea rafiki zako hadithi ya shujaa wa mwingine barazani ni jambo moja, na kuipiga chapa na kuiuza bila idhini ya mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Mchapishaji mwenye akili hatapokea mswada ambao shujaa wake ana mwenyewe aliye hai. Kwa hiyo daftari lile, hata likipendwa na mtaa mzima, haliwezi kuwa kitabu jinsi lilivyo.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni mapenzi ya wasomaji wenyewe. Wasomaji waliokusanyika kwa ajili ya shujaa wa kuazima huenda walikuja kwa ajili yake, wala si kwa ajili ya mtungaji. Jambo hili lilimpata hata mtu aliyemiliki shujaa wake kwa haki. Arthur Conan Doyle alitamani asifiwe kwa riwaya zake za historia, kama The White Company ya mwaka 1891, akaona Sherlock Holmes anamzuia. Mwaka 1893 akamwua. Wasomaji wakalia, wengine wakaacha kulinunua gazeti lililokuwa likitoa hadithi zile. Mwaka 1901 Holmes alirudi katika hadithi iliyosemwa kuwa ya kabla ya kifo chake, na mwaka 1903 mwandishi akalazimika kumfufua kabisa. Ikiwa Doyle alishindwa kuwavusha wasomaji wake kwa mkato mmoja, kijana wa Walukuba asidhani kwamba atafunga daftari la zamani Jumapili, afungue jipya Jumatatu, na watu wote wamfuate.

Njia iliyo salama ni ya polepole. Na aanze kwa kumweka mtu wake mwenyewe kando ya shujaa wa kuazima: labda koplo mstaafu aliyepata kazi ya ulinzi kiwandani, au mama muuza samaki wa Masese anayejua siri za mwalo mzima. Ampe kazi ndogo kwanza, halafu kubwa zaidi. Siku wasomaji watakapouliza habari za yule mama kabla ya kuuliza habari za jasusi, mtungaji ajue kwamba daraja limekamilika. Hapo amruhusu jasusi aende zake, na yule mama abaki na hadithi.

Waandishi wa Tanzania waliovuma katika miaka ya 1970 na 1980 walilielewa jambo hili. Elvis Musiba alimpa Willy Gamba kazi za ujasusi zinazowakumbusha wasomaji majasusi wa vitabu na filamu za Ulaya, lakini adui aliopambana nao katika Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi ni maadui wa Afrika iliyokuwa ikipigania ukombozi. Ben Mtobwa naye alimwumba Joram Kiango, na wasomaji wakamfuata kutoka kitabu hadi kitabu. Walichokinunua watu hawa kwa wageni ni ufundi tu. Roho ya hadithi ilikuwa ya nyumbani.

KISWAHILI CHA AMRI NA KISWAHILI CHA HADITHI

Sasa twaja kwa msomaji mwenye sare. Kwa nini tumwambie yeye, wala si mwalimu au mchapishaji?

Kwa sababu katika Uganda lugha hii imeishi kambini kuliko mahali pengine po pote. Ilikuwa lugha ya King's African Rifles. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wa Afrika ya Mashariki waliokuwa mbali na nyumbani waliandaliwa magazeti kwa Kiswahili, kama Askari na Heshima. Sajini mmoja wa Uganda, Robert Kakembo, aliandika mawazo ya askari Mwafrika katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1946, ingawa yeye alikiandika kwa Kiingereza. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Pamoja na hayo yote, wako wananchi wengi ambao masikio yao yangali yanakisikia Kiswahili kama lugha ya amri, ya kizuizi cha barabarani, na ya mlango unaogongwa usiku katika miaka ile mibaya. Kumbukumbu hiyo haifutwi kwa azimio. Mtu huipenda lugha iliyomchekesha, iliyomliza, iliyomkesha usiku akitaka kujua nani kaua. Mtoto anayefundishwa Kiswahili darasani, kisha asikute hadithi hata moja ya Kiswahili inayotaja mto Nile unavyotoka ziwani Jinja, au ngoma za imbalu zinavyolia chini ya Mlima Masaba, atakijua kama mtihani tu. Vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi ni vizuri, tena tuvisome. Lakini haviwezi kutusimulia habari zetu.

Walukuba ni mahali palipofaa kuzaa hadithi hizo. Mtaa ule ulijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mji uliokuwa ukipanuka kwa viwanda na kwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Watu walikuja kutoka kila upande wa nchi na kutoka nchi jirani, wakakutana mlango kwa mlango, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kupatana. Si mbali na hapo wako wanajeshi wa kambi ya Jinja na maofisa wanaosoma katika chuo cha Kimaka. Mtungaji yuko upande huu wa barabara, msomaji yuko upande ule. Kinachokosekana ni kukutana.

WAJIBU WA MSOMAJI

Basi, ndugu askari, ukiletewa daftari na kijana wa jirani, usilirudishe bila kulisoma. Lisome, kisha umjibu kwa kweli. Sifa tupu humharibu mtungaji kama vile dharau inavyomharibu. Mwambie pale ulipochoka, na pale ulipotaka kuendelea hata zamu ikakuita. Tena unao ujuzi asioupata katika filamu: jinsi mlinzi anavyopambana na usingizi saa tisa za usiku, jinsi taarifa inavyoandikwa katika kitabu cha matukio kituoni, jinsi mshukiwa anavyohojiwa bila kupigwa. Filamu humwonyesha polisi anayepiga risasi mia bila kusimama kuzijaza upya. Wewe waweza kumwonyesha polisi wa kweli. Siri za kazi zibaki siri, hilo halina mjadala. Lakini uchovu, hofu, ucheshi na uaminifu si siri za jeshi.

Na siku kijana yule atakapotoa kitabu chake mwenyewe, kinunue. Usikubali nakala iliyotolewa kwa mashine dukani na kuuzwa kwa nusu bei, kwa maana ile ndiyo dhuluma halisi. Aliyeazima shujaa kwa kujifunza, akamtaja mwenyewe, hajamnyang'anya mtu chakula. Anayenakili kitabu kizima na kukiuza ndiye anayeiba, tena anamwibia mtu ambaye labda alingoja miaka kumi apate mchapishaji.

Kwa watungaji wenyewe tuna neno fupi. Taja daima jina la uliyemwazima. Hifadhi maneno ya wasomaji wako, kwa sababu yatakusaidia kuusahihisha mswada. Yatafuteni mashindano, kama Abdulla alivyofanya. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imepokea hata miswada ambayo haijachapishwa, wala mtu haulizwi alizaliwa pwani au bara.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Tusimzomee anayeanza lele kwa sauti ya kuazima, wala tusimruhusu aishie hapo. Tumsikilize, tumsahihishe, tumdai wimbo wake mwenyewe, na akishauimba tumlipe haki yake. Hivyo ndivyo Kiswahili kitakavyotoka kwenye gwaride na kuingia nyumbani.